Ndege ya Majivu

Harufu ya robota la mitumba likifunguliwa, ile ya dawa na vumbi la nchi za watu, hadi leo hunirudisha Ihanja, kijijini kwetu. Na hivi sasa, ndugu zangu, mimi ndiye ninayeagiza marobota hayo kwa kontena, mtu niliyeishia darasa la nne! Lakini siku hizo, nikiwa mtoto, biashara ya mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, na robota la kwanza la baba lilikuja na gazeti la Kizungu lenye picha ya ndege.

Mwalimu wetu alinisomea, nikakariri yote. Walioiunda walitaka ndege ya saizi ya kati: injini mbili tu, ila tumbo pana lenye njia mbili za kupita. Kila safu viti saba: viwili, vitatu, viwili. Marubani wawili, yule wa tatu wa kuangalia mitambo waliachana naye, kazi yake wakaipa kompyuta. Kijiji kizima aliyejua hayo ni mimi, na sikumnyima mtu.

Wiki hiyo dada yangu Zaituni alikuwa anaozwa kwa mwenye duka wa Ikungi. Hakumtaka. Ng'ombe wa mahari walishaingia zizini, na shangazi wawili walimganda kutwa, hata chooni wakimsindikiza. Alitaka kupitia Singida afike Kiomboi kwa mama mdogo, muuguzi, aliyeahidi kumsomesha. Mimi hayo niliambiwa ukubwani.

Asubuhi moja nilichora ndege uani kwa majivu. Mabawa yalitaka karibu mita hamsini, ua wa baba haukuwa nazo, hivyo bawa moja likapita katikati ya banda la mbuzi. Zaituni, siku nne hajacheka, akatoka ndani.

"Shangazi, njooni tupande ndege ya huyu!"

Wakaketi kwenye vigoda, yeye katikati yao.

"Wa hapa kati anatokaje?" akaniuliza.

"Anampita mtu mmoja tu," nikajibu kwa maringo. "Ndiyo uzuri wake."

"Na mlango?"

Nikamwonyesha wa nyuma, upande wa barabara.

"Haya shangazi, fumbeni macho, inaruka!"

Nikanguruma kwa nguvu zote. Barabarani basi la Singida likapiga honi. Nilipogeuka kuwatangazia abiria, Zaituni alikuwa ameshafika mkiani, anatembea polepole kama mtu anayefuata maji.

"Wewe! Abiria hashuki, tuko hewani!"

Shangazi wakafumbua macho. "We Zaituni! Unakwenda wapi?" Wakamdaka kanga. Basi likaondoka. Hakulia wala hakunigombeza. Alirudi akakaa pale pale kati, nami nikaendelea kurusha ndege, nikingoja kusifiwa.

Juzijuzi msibani mama mdogo alinisimulia kwamba siku ile alisimama stendi ya Singida mpaka jioni, akichungulia kila basi la kutoka kwetu.

Nimemjengea Zaituni nyumba Ikungi, mtaa mzima hakuna ya kuifikia. Anashukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mgeni. Maneno yangu yamenipa mali, sikatai. Siku moja tu nilitakiwa kunyamaza.