Mama Naserian na samadi ya machimbo yetu nyuma ya Umoja

Wakuu, niaje. Leo nawapa moja ya kweli kabisa, sijatia chumvi.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa dereva wa lori kwenye machimbo ya mawe ng'ambo ya mtaa wa Umoja, Eastlands ya Nairobi. Nyumba nyingi za mtaani zilijengwa kwa mawe yetu, na mpaka leo nikizipita najidai.

Basi mawe yakaisha. Zamani pale palikuwa malisho ya familia ya Mama Naserian, mjane wa Kimasai. Tajiri wetu akakubaliana nao: tufukie shimo, nyasi ziote, wachukue ardhi yao. Mvua ikija na zisiote, anawauzia watu wa kutupa taka.

Tukafukia, tukamwaga udongo, tukapanda nyasi. Wapi! Likabaki vumbi tupu.

Mama akahamishia boma lake hapo hapo vumbini, ng'ombe wake walale pale kiangazi chote. Mimi nilicheka, nikadhani amekata tamaa.

Sasa sikieni. Nyapara akasikia tajiri anakuja kukagua. Akaamuru tuzoe samadi yote, pawe safi. Na mtu wa Eastlands umwonyeshe mbolea ya bure! Kila mmoja wetu alikuwa na kishamba chake cha sukuma wiki nyuma ya nyumba. Tulijaza lori tukiimba.

Nikawasha injini. Mama akaja akasimama mbele ya bampa.

"Kijana wangu, hizo umebeba ni nyasi zangu," akasema. "Ng'ombe wamekula mbegu huko mbali wakaniletea. Rudisha."

Nyapara akafoka niendeshe. Kazi naihitaji, lakini moyo ukakataa kabisa. Nikainua bodi, nikamwaga yote chini.

Tajiri alipofika alikunja pua. Mama akamwomba angoje mvua tu, akakubali shingo upande.

Wakuu, ilinyesha! Na nyasi zikatoka, kwanza pale boma lilipokuwa, halafu zikatambaa kote. Nilipiga honi kama mwendawazimu. Tajiri mwenyewe akaja akawakabidhi ardhi mbele yetu sote.

Mama aling'oa nyasi mbichi akazifunga kwenye kioo cha pembeni cha lori langu. Kwao nyasi ni baraka. Nyapara alinifokea nizitoe, na sikuzitoa.

Funzo langu: ukitaka kuponya ardhi uliyoichimba, muulize aliyeishi juu yake kabla hujashika fagio.

Nani mwingine hapa alikulia karibu na machimbo? Shimo lenu liliishia nyasi au taka? Mwageni.