Bogusia na Filimbi ya Bata

Kwa miaka kumi na tisa Bogumiła Wrzosek aliishi kwa kuwa mnyama. Sungura, dubu, pengwini mlafi, gari la zimamoto lenye macho, wote hao walikuwa yeye. Filamu za katuni zinazoletwa kwenye tamasha letu la watoto hapa mjini Łódź, Poland, kutoka nchi za watu huja na lugha zao, na mtoto wa miaka sita huwezi kumwambia asome maandishi ya chini. Kwa hiyo Bogusia, kama tulivyozoea kumwita, alikaa juu kwenye chumba cha mitambo, karatasi mkononi na kipaza sauti mbele yake. Mimi nilipunguza sauti ya filamu, naye akasema maneno ya kila mnyama papo hapo, kicheko cha huyu na kilio cha yule. Alichosema yeye ndicho watoto walichosikia. Hakuna kingine.

Mimi naitwa Zenon, kwa Bogusia Zenek. Zamani, kabla ya mitambo, nilikuwa seremala katika studio ya filamu za vikaragosi, nikitengeneza viti vya panya na milango ya kupita jogoo. Bogusia alikuwa akisogeza vikaragosi pamoja na rafiki yake, Ludwika Gajda. Unakunja goti la waya kidogo, unajitoa, picha inapigwa, unarudi unakunja tena. Kutwa nzima, kama hakuna mjinga aliyegonga meza kwa kiuno, mnapata sekunde tano. Wawili hao walikula mkate mmoja wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi, wakaazimana hadi masweta.

Bogusia alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya bata bukini aitwaye Kunegunda, aliyechonga filimbi ya kuita upepo, akapanda karai la kufulia na rafiki yake mbweha, wakateremka mto Wisła hadi baharini. Alitusomea wakati wa chakula cha mchana, tukavunjika mbavu. Kiangazi cha mwaka 1988 Ludwika akaenda Vienna kwa likizo ya wiki mbili. Hakurudi, na daftari nalo halikuonekana tena.

Mimi nilimlaani Ludwika waziwazi. Bogusia hakumtaja kabisa. Studio ilifungwa, akaenda kutunza makoti ya watu kwenye jumba la opera, kisha akapata kazi hii ya kusoma. Miaka thelathini ikapita, na mimi nikadhani amesahau.

Mpaka tamasha la mwaka ule lilipotangaza filamu ya ufunguzi, ya mwongozaji mashuhuri anayerudi nyumbani. Ludwika Gajda! Filamu ilikuwa ya Kijerumani. Kinga, binti anayesimamia tamasha, alituletea tafsiri siku ya Ijumaa, bila kujua lolote, maskini. Bogusia aliisoma amesimama, na koti lake hajalivua.

"Zenek," akasema, "karai limo."

"Karai gani?"

"La kwetu nyumbani. Lenye tundu lililozibwa kwa jibini. Hata jibini limo!"

Akaendelea kusoma. Alipofika mwisho, uso ukamgeuka rangi. Katika daftari lake mbweha aliiba filimbi, na bata akamsukuma mtoni. Katika filamu ya Ludwika hakuna aliyeiba. Filimbi inajibiringisha yenyewe ndani ya mkoba wa mbweha, bata anamshuku rafiki yake bure, na mwishoni anainamisha shingo na kusema: "Nisamehe. Wewe ulikuwa mwema siku zote, mimi nilikuwa na wivu tu."

"Umeona?" akasema Bogusia. "Kaniibia, halafu kaniandikia na toba. Niisome mbele ya watoto mia nne, kwa mdomo wangu huu!"

"Mwambie Kinga unaumwa koo."

"We mzee una wazimu? Koo langu halijawahi kuwa zima kama leo."

Jumatatu asubuhi ukumbi ulijaa pomoni. Ludwika alipanda jukwaani na maua, nywele za fedha, skafu ya hariri, akawaeleza watoto kwamba urafiki ni kuaminiana. Nilimtazama kupitia kidirisha chetu. Nilitamani kiti kimvunjikie.

Filamu ikaanza, na kwa nusu nzima Bogusia alisoma neno kwa neno. Tena alisoma vizuri kupita kiasi. Jibini lilipoanza kuyeyuka na karai kuingiza maji, watoto walicheka hadi wengine wakateleza kutoka vitini. Ludwika mwenyewe alicheka na kupiga makofi.

Kisha ikafika filimbi. Kwenye skrini mbweha amelala, filimbi inabiringika kuelekea mkobani, naye anajigeuza akinong'ona jambo la ndotoni. Bogusia akaweka karatasi chini.

"Jifanye umelala," mbweha akanong'ona kwa sauti ya Bogusia. "Jifanye umelala... ingia, kifilimbi, ingia. Nitawaambia nimekuchonga mimi."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa mshangao. Nikaona kichwa chenye nywele za fedha kikigeuka taratibu kutazama juu kwetu. Simu ya chumba cha mitambo ikaanza kulia, nikajua ni Kinga. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha kuzima kipaza sauti. Niliuondoa mkono nikautia mfukoni, na simu nikaiacha ijililie.

Tukafika kwenye toba. Bata akainamisha shingo yake ndefu.

"Nimeinama hivi nikuone vizuri machoni," akasema Kunegunda. "Sema. Hii filimbi aliichonga nani?"

Mbweha akafumbua mdomo, na Bogusia hakumpa sauti. Mdomo ukafunguka na kufungika, mtupu. Halafu mtoto mmoja huko mbele akapayuka: "Wewe!"

"Wewe, Kunegunda! Wewe!" wakadakia wote mia nne. "Mwizi huyo! Msukume majini!"

Nasema bila aibu kwamba niliruka juu ya kiti nikashangilia pamoja nao. Taa zilipowaka ulifika wakati wa maswali. Msichana mmoja mwenye mapengo akapewa kipaza sauti.

"Kwa nini mbweha alimwibia rafiki yake?"

"Mpenzi wangu, hakuiba," Ludwika akasema akijitahidi kutabasamu. "Iliingia yenyewe."

"Muongo!" ukumbi ukamjibu. "Alijifanya amelala!"

"Na mbona hakuomba msamaha?" msichana akauliza.

Ludwika akaomba maji. Akayanywa yote, akarudisha glasi na kushuka jukwaani. Wakati huo nikapokea simu, na Kinga akasema kwa sauti ya kilio: "Mwambie Bogusia asije kesho. Asije tena kabisa." Nikamwambia Bogusia. Akachukua koti lake, na kabla hajafunga vifungo, Ludwika akatokea juu ya ngazi akihema.

"Bogusia," akasema. "Ulikuwa unajua nilipo. Ungenipigia simu, tukazungumza kama watu wazima."

"Nilikupigia."

"Lini?"

"Pasaka ya mwaka themanini na tisa. Nilikaa posta kwa muda wa saa sita nikisubiri waniunganishie Vienna. Wala sikutaka daftari. Mama alikuwa amefariki, na nilitaka ujue, kwa kuwa alikupenda. Ukapokea. Nikasema, Ludka, ni mimi. Ukanijibu kwa Kijerumani kwamba nimekosea namba."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na hapo nikaelewa kilichokuwa kimekaa kifuani mwa mwenzangu miaka yote. Ludwika akaanza kulia. Akainua mikono yote miwili, maua yakiwa katika mmoja, akasogea kumkumbatia.

Bogusia akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Umekosea mlango, mama," akasema kwa upole. "Choo cha wanawake kiko chini."

Ludwika akageuka na kushuka. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, katikati ya watoto, nao walikuwa wakimsubiri awajibu.