Nyusi za Bi Eleni

Sufu iliyopigwa pasi ya mvuke ina harufu ya kondoo aliyenyeshewa, na kila ninapoinusa, popote nilipo duniani, mawazo yangu hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kule Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, kwenye mlango wa Bi Eleni. Alikuwa fundi cherehani, Mgiriki wa makamo, mnene wa mikono na mwepesi wa hatua, aliyepunguza suruali na kubana sketi za nusu ya mtaa. Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumetoka Voi mwaka ule ule, mimi na mama. Baba alibaki nyuma akisubiri karatasi zake. Mama alifanya usafi katika hospitali ya Flemingsberg, nami kila nikitoka shule nilikaa chini ya meza ya Bi Eleni nikiokota pini kwa sumaku mpaka mama arudi. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, mama alipenda kusema, na sisi ndugu zetu wote walikuwa mbali.

Mimi na Bi Eleni tulizungumza Kiswidi cha kuungaunga, na palipopungua maneno tulijazia kwa mikono na uso. Shida ni kwamba uso wangu ulikuwa bado wa kwetu. Kwetu mtoto akiulizwa kama ameshiba hajisumbui kufungua mdomo. Anainua nyusi tu, na aliyeuliza anajua ndiyo. Mwalimu wangu wa Voi alichoka na tabia hiyo. "Wakesho," alisema, "hizo nyusi ndizo zitakazokufanyia mtihani?" Bi Eleni hakunisema, ila alikuwa na kioja chake. Aliniuliza kama nataka mkate wa asali, nikainua nyusi kwa furaha, naye akaurudisha kabatini. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikakata shauri kwamba huyu mama ni mchoyo wa aina ambayo sijapata kuona: anakuuliza, unakubali, anaficha.

Asubuhi moja ya Novemba, kiza bado kimetanda dirishani, mama alianguka jikoni ameshika tumbo. Gari la wagonjwa likaja na taa zake za buluu, wakamteremsha amefungwa kwenye machela, na hakuna aliyenieleza kitu. Bi Eleni ndiye aliyenishika bega akanipeleka kwake. Kule Voi nilikuwa nimemwona jirani yetu akibebwa vile vile, kwa haraka ile ile, na hakurudi. Kwa hiyo nilikaa chini ya meza bila kuokota pini hata moja. Adhuhuri simu ililia. Bi Eleni alisikiliza kwa muda mrefu, akaiweka, akarudi kwenye koti la mteja na kujaza pini midomoni kama kawaida yake. Nilitoka chini ya meza nikamwuliza, kwa Kiswidi changu kidogo, "Mama amekufa?"

Alinitazama. Midomo ilikuwa imebana pini. Aliinua nyusi juu kabisa, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho polepole.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hawakusema jibu likija mtu aliweke wapi. Nakumbuka redio yake iliendelea kuimba, na kwamba alinipapasa shavu kidogo kwa kidole, akarudi kushona, eti ameshamaliza. Sikulia. Alipoingia chumbani kufuata uzi, nilivaa viatu nikatoka bila koti. Njia ya hospitali nilikuwa naijua, kwani mama alinipeleka kazini kwake siku za likizo: treni vituo viwili hadi Skärholmen, kisha basi. Dereva aliangalia mikono yangu mitupu, akaniashiria nipite. Ndani ya basi watu walisoma magazeti yao. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote, kwamba mama yangu amekufa na watu wanafungua ukurasa wa pili.

Ukumbini nilikutana na Mama Divine, Mrundi aliyefanya usafi pamoja na mama. Aliacha ndoo katikati ya njia. "We mwana, unatetemeka nini? Koti iko wapi?"

"Nimekuja kumwona mama kabla hawajamzika."

"Yesu wangu! Kumzika nani? Wamemkata kidole tumbo, sasa yuko pale ananung'unikia supu!"

Alinikokota hadi wodini. Mama alikuwa ameegemea mito, uso wa kijivu, kijiko mkononi. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Huwezi kuamini jinsi maiti anavyotisha anapokuita jina.

"Wakesho! Umekuja na nani?"

"Umekufa," nikamwambia, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

"Nani kasema nimekufa?"

"Bi Eleni."

Mama aliweka kijiko chini. "Bi Eleni? Huyo niliyemwachia mtoto wangu?"

Bi Eleni mwenyewe akatokea wakati huo huo, akihema, utepe wa kupimia bado shingoni, koti langu mkononi. Mama alimrukia kwa maneno: mtu mzima na akili zake, anamwambiaje mtoto jambo kama hilo? Bi Eleni aliapa kwamba amenijibu hapana. Nikamwonyesha alivyofanya, nyusi, kichwa, macho. "Ndiyo, hiyo!" alisema. "Hiyo ni hapana!" Akatukodolea macho mmoja mmoja, akaelewa, akajipigia kiganja kilichotanuliwa usoni pake mwenyewe. Mama, akidhani anaombwa amani, naye akainua mkono na kumnyooshea vidole vyote vitano.

Bi Eleni alibadilika rangi kama aliyemwagiwa maji machafu. Nilidhani atatoka asirudi tena. Lakini alikuja akaketi kitandani, akaushika mkono wa mama, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja hadi ikawa ngumi. "Hii hapana, Mama Wakesho. Kwetu hii ni tusi kubwa. Mimi nimejitukana, ni haki yangu. Wewe usinisaidie." Kicheko kilianza kwa Mama Divine, na mama akawa anacheka hadi machozi, ameshika mshono wa tumbo.

Tangu hapo nimetangatanga sana. Nimefua mashuka Oslo, nimeosha vyombo Malta. Bandarini Pireo, kwao Bi Eleni, niliuliza nafasi ya meli, mwuza tiketi akainua nyusi, na moyo ukanidunda kama wa mtoto wa miaka minane kabla sijakumbuka kwamba amesema hapana. Msafiri aendaye huko akumbuke pia kwamba ndiyo yao ni kichwa kulazwa kidogo begani, na kiganja asimwelekeze mtu hata akiagiza kahawa tano.

Mwaka huu nimerudi Stockholm. Bi Eleni yuko katika nyumba ya wazee, kiharusi kimemchukua usemi. Nilimkuta kijana wa zamu akimwuliza kama anataka kahawa tena; yeye akainua nyusi, kijana akammiminia kwa upendo kikombe cha tatu. Nilimweleza yule kijana. Alishika mdomo. "Miezi yote hii!" alisema, akaondoka karibu kulia.

Tulipobaki wawili nilimwuliza lile ambalo wengine hawakuthubutu. "Bi Eleni, unaogopa kufa?"

Aliinua nyusi juu kabisa, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho polepole.

Siku ile nilikimbia bila koti. Safari hii nilivuta kiti, nikainywa ile kahawa, kwa kuwa yeye hakuitaka.