Sindano za Kuazima

Siku ya kawaida kwetu ilianza na simu ya Wesley. Yeye alitunza stoo ya dawa kwenye kituo cha afya ng'ambo ya mpaka wa kaunti, mimi yetu upande wa Nyamira, na katikati palikuwa na mashamba ya majani chai tu. Lori la dawa halikuwahi kufika kwa wakati, kwa hiyo tuliishi kwa kuazimana.

"Akinyi, niokoe na glavu," alikuwa akisema.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," nilikuwa nikimjibu, halafu nampelekea.

Asubuhi ile aliomba sindano za kuzuia damu kwa akina mama waliojifungua. Nilimpa karibu zote. Lori letu lilikuwa njiani.

Halafu vita vikaanza kati ya makabila ya pande hizo mbili. Wengine husema ni ng'ombe walioibwa, wengine siasa. Mimi nimechoka kuuliza. Barabara ilizibwa kwa magogo, nyumba zikachomwa, lori likarudi Kisii. Sindano chache tulizobakiza zikaisha. Wauguzi wawili walibaki kituoni wakishona waliokatwa kwa panga, mmoja wao Sista Kemunto, mjamzito wa kujifungua wakati wowote.

Uchungu ukamshika kazini. Mtoto alitoka salama. Damu ikakataa kukata.

Nilimpigia Wesley anirudishie sindano.

"Kuja mpaka kwa majani chai," akasema. "Mimi huko kwenu nitauawa."

Mimi ni mtu wa ziwani, kabila langu halikuwa vitani, sikuwa adui wa yeyote. Nikaenda.

Alinipa sindano ndani ya kasha la barafu. "Ni za nani?" akauliza.

"Za Sista Kemunto mwenyewe."

"Basi kimbia."

Nikakimbia.

Darajani vijana wa upande wetu walinizuia, mishale mikononi. Wengine niliwajua tangu wakiletwa kliniki mgongoni.

"Umetoka kwa wale na nini?"

"Dawa ya Kemunto. Anakufa."

"Wale watupatie dawa? Hiyo ni sumu, mama."

Waliimwaga chini. Wakaikanyaga kwa gambuti mpaka chupa zikawa unga. Aliyekanyaga zaidi alikuwa binamu yake Kemunto.

"Pole, mama," akaniambia. "Ungemuua ndugu yetu bila kujua."

Kemunto alikata roho kabla ya jioni. Nilisaidia kumfunika, kisha nikaenda kuzima friji, kwa sababu haikuwa na kitu. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui kilio hicho kilienda wapi.

Yule binamu husalimiana nami sokoni. Ni mtu mzuri, ana watoto. Hakuna aliyemwambia kilichokuwa ndani ya zile chupa, na mimi sioni faida.

Vita vilipotulia, Wesley alikuwa amehamishiwa mbali. Akapiga simu.

"Sista alipona?"

Nikasema alipona.

"Bwana asifiwe," akasema.

Bado hupiga. Kila tukimaliza kuongea huniambia nimsalimie Kemunto, na mimi humwambia salamu nitazifikisha.