Beni Iliyorudishwa Njiani

Iko siku moja, mwanangu, kila nikisikia tarumbeta hunirudia. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Ibra, huku Uarabuni, siku ya harusi ya kaka yangu Nasir.

Bibi yetu, Bibi Zuwena, mama wa baba, alizaliwa Unguja. Huko kwao, akituhadithia, bwana harusi akisindikizwa kwa beni: tarumbeta mbele, ngoma nyuma, tarantaraa, dum! dum! na watoto wakiifuata mtaa kwa mtaa. Naye aliolewa hivyo. Basi kwa harusi ya Nasir hakutaka dhahabu wala nguo. Alitaka beni tu, imfikishe mjukuu wake mlangoni. Ami Khalfan, mdogo wake baba, aliyekuwa na cheo serikalini, akamjibu, "Hewallah, mama. Nitawaleta wapigaji kutoka Sur."

Baada ya alasiri Bibi akavaa kanga alizoziweka sandukuni tangu Unguja, akajifukiza udi, akakaa mlangoni kungoja. Tukaisikia kwa mbali, kule njia panda: tarantaraa! Bibi akainuka, akapiga kigelegele kama msichana.

Mara kimya.

Kumbe wakwe walikuwa wameshafika kutoka Nizwa, na mmoja wao kauliza kwa dharau, hawa ni Waarabu au ni watu wa Zinjibari? Ami akatoka mbio na gari, akawakuta wapigaji njia panda, akawarudisha Sur. Nasir alikuwa naye garini, wala hakushuka.

Ami akaja kwa Bibi. "Mama, basi lao limeharibika njiani."

Bibi akamtazama. "Khalfan, basi bovu halipigi tarumbeta."

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Ami haikufika hata kizingitini.

"Ungenambia hutaki, ningekufahamu," Bibi akasema. "Lakini hukuionea haya ngoma. Umenionea haya mimi, mamako."

Akaingia ndani, akavua kanga. Chakula cha harusi hakukigusa.

Toka siku ile hakumsemesha Ami kwa Kiswahili. Akimjibu kwa Kiarabu chake cha kubabaisha, alichojifunzia ukubwani. Ami akimwamkia, "Shikamoo, mama," badala ya marahaba humjibu "Waalaykum salaam," kama anavyomjibu mpita njia.

Miaka ikapita, Bibi akaugua. Ami akapiga magoti kitandani pake, ndevu zishajaa mvi. "Mama, nipe radhi."

Bibi akamwekea mkono kichwani. "Allah yisamhak," akasema. Mungu akusamehe.

Ami akangoja. Akangoja neno jengine, la lugha aliyobembelezewa. Halikuja, na adhuhuri ile Bibi akafa. Radhi aliipata, mwanangu, lakini alilia kama aliyenyimwa.

Siku hizi vijana wetu huwaita wapigaji harusini, wanasema ni turathi, urithi wa wazee. Wanapoanza, mimi huondoka.

Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa wa macho ya watu hana siku ya uhuru. Mzee wako akikuomba jambo, lifanye au mwambie huliwezi. Usimdanganye, wala usimfiche wageni wakija. Mgeni atakula pilau lako aende zake. Wewe utabaki na mamako.

Mungu akujaalie kuwatukuza wazee wako mbele za watu, wangali hai, na akulinde na radhi inayokuja imepoa. Amin.