Damu ya Kukopa

Ndung'u wa Lanet alikuwa mtu wa kujisifu hata usingizini. Aliendesha lori la maziwa la kampuni moja mjini Nakuru, shingo imeijaza kola, na jioni lazima ale nyama ya mafuta, kisha anywe mafuta yaliyobaki sahanini akisema damu ya mwanaume sharti iwe nzito. Mkewe, Wangu, alimtazama akilamba vidole, akamwonea kinyaa. Ulafi angeuvumilia, ujinga wa kujivunia ndio uliomshinda.

Mwaka wa 1973 kampuni iliamuru madereva wote wapimwe damu kwa Daktari Amrit. Ndung'u akaingiwa na baridi. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu mavuno, na dereva mgonjwa hufutwa. Basi shujaa wetu akafanya nini? Akamtuma mdogo wake Nderitu, mwembamba kama fito, aende na kitambulisho chake. Picha ilikuwa imefifia, na sura zao zilifanana.

"Nderitu hana mwili wa ugonjwa," akamwambia Wangu. "Atanitolea damu safi."

Nderitu alirudi na chupa ya dawa. Daktari alikuta damu yake imejaa mafuta na presha imepanda. Alimuuliza baba yake alikufaje, naye akasema kweli: alianguka shambani ameshika kichwa. Huenda ni mshipa wa kichwa uliopasuka, daktari akasema, na mambo hayo hufuata familia. Kazi angeendelea nayo, mradi ameze dawa na aache sigara na mafuta, la sivyo mshipa wake nao ungeweza kupasuka.

Ndung'u alimrudishia mdogo wake ile chupa. "Pole, ndugu yangu. Kumbe mgonjwa ni wewe."

"Baba Wangare," Wangu akasema, "huyo mzee alianguka si ni baba yenu nyinyi wawili?"

"Hiyo ni damu ya Nderitu, Mama Wangare. Yangu hakuna mtu amepima."

Wangu alimdharau mume huyu, na bado alimwogopea, jambo lililomkasirisha zaidi.

Tangu hapo Nderitu akawa anakwenda kwa daktari kwa jina la kaka yake. Akameza dawa, akaacha sigara. Ndung'u alimcheka mezani, mdomo umejaa mbavu, akimwita mwanamke mjamzito kwa kuchagua chakula.

Mwaka uliofuata, akifunga mlango wa lori, Ndung'u alishika kichwa, akalalamika kwamba hajawahi kuumwa hivyo, akaanguka. Walipomfikisha hospitali hakumtambua mtu. Daktari Amrit akaitwa, kwa kuwa Ndung'u alijulikana kuwa mgonjwa wake. Alimtazama yule mnene kitandani, akamgeukia Wangu.

"Mama, bwana yako alikuwa anameza dawa?"

"Ndung'u wako alimeza zote, Daktari, hakuruka hata siku moja," Wangu akasema, akamwonyesha Nderitu kwa kidevu. "Ndiye yule amesimama mlangoni. Huyu wa kitanda hujawahi kumwona."