Salamu Maria ilizidi, Bismillah ikatosha: tulivyoupiga picha mwezi mchanga pale Kamalondo

Wakuu, amani kwenu wote.

Kuna kijana humu analalamika kuwa darubini yake ya vioo haikubali kamera. Akichungulia kwa jicho anaona safi, akifunga kamera anapata ukungu mtupu.

Kijana, usiiuze. Hayo yalinikuta Élisabethville, Lubumbashi ya leo, enzi za Mbelgiji, nikiwa fundi chuma kwenye karakana ya reli. Wenzangu wa siku zile wametangulia, hata nikidanganya hakuna wa kunipinga. Lakini sidanganyi.

Darubini nilipewa na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Bomba refu, kioo kikubwa chini, kidogo juu, unachungulia ubavuni.

Shida yangu ilikuwa mama.

Kwetu kaskazini mwa Katanga, mwezi ukiandama mtu anajipaka pemba, ule udongo mweupe, anausalimu. Mama alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, ila mwezi hakuukosa hata mara moja.

Sasa mtoto wa jicho alikuwa anamfunika macho. Aliona tu kitu kikifika karibu na pua. Jua likizama alisimama uani akiuliza mwezi uko upande gani, na roho iliniuma sana.

Nikaapa nitamletea mwezi mpaka puani, kabla macho hayajafungika kabisa.

Rafiki yangu Hassani, Mwislamu wa familia ya Maniema, alikuwa na studio ya picha pale mtaa wa Kamalondo. Akaleta kamera, tukaitoa lenzi, tukaifunga kwenye darubini. Ukungu.

Kumbe picha ilikuwa inakamilika ndani ya bomba, haifiki kwenye filimu. Dawa yake (hiyo mnayoiita ku-upgrade): nilitoboa matundu mapya, nikakipandisha kioo kikubwa vidole vichache.

Kamera ikalemea upande mmoja, nikaning'iniza kipande cha shaba upande wa pili. Katanga utakosa chumvi, shaba hukosi.

Ikabaki mtikisiko. Ukibonyeza kamera, bomba zima linatetemeka. Hassani akaweka kofia mbele ya bomba: unafungua kamera, unasubiri itulie, unainua kofia, unairudisha.

Lakini iinuliwe kwa muda gani?

Mimi nikasema tutasali Salamu Maria moja. Mama alipima hivyo hivyo mayai ya kuchemsha, na hayakuharibika.

Mwanga ukazidi, mwezi ukatoka umevimba kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Tukangoja mwezi mwingine. Moshi wa shimini, lile dohani la kiwanda cha shaba, ukaufunika. Na mama akaanza kupapasa kikombe kilicho mbele yake. Hapo niliogopa kweli.

Mwezi uliofuata, upepo ulikuwa upande wetu. Hassani akaniondoa kwenye kofia.

"Salamu Maria yako iko murefu sana," akasema. "Acha niseme yangu."

Akainua kofia, akasema Bismillah, akairudisha. Basi.

Wakuu, ile picha! Mwezi mwembamba, mkali, na vishimo vyake pembeni. Tulikumbatiana kwenye chumba cha giza mpaka tukamwaga dawa za kusafishia.

Asubuhi nikampelekea mama picha kubwa. Akaishika puani. Akaisogeza huku na huku, nikadhani haoni.

"Hii mwezi iko namwanga mayi," akasema, yaani unamwaga maji.

Pembe zilikuwa zinatazama chini! Darubini hiyo inageuza kila kitu, nasi tulishazoea kuuona hivyo. Kwetu mwezi mchanga unalala kama bakuli.

Akaigeuza mwenyewe. Akaomba pemba, akajipaka kwenye paji la uso, akausalimu mwezi wake kwa sauti, kisha akapiga ishara ya msalaba ili pasiwe na ugomvi huko juu.

"Na Hassani naye mumupake," akaniambia.

Nililia huku nacheka, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo kijana: pandisha kioo, weka uzito, tumia kofia, na sala iwe fupi. Na kama mama yako bado anaona, sayari zisubiri. Anza na anachokipenda yeye.

Wenye darubini na wenye mama, uwanja ni wenu.